Kigingi cha Sita

4 Oktoba 1693

Leo wamekuja kuchukua muhuri wa mume wangu Villads, ule wa kupigia jina lake kwenye fedha. Nimewapa viti, nimewapa bia, muhuri sikuwapa.

Walikuwa watatu: Gotfred, mkuu wa chama cha masonara, na mabwana wawili wa kumuitikia. Udongo wa kaburi la mume wangu haujatulia bado. Gotfred alivua kofia, akaizungusha vidoleni, akatazama kila kitu chumbani isipokuwa mimi.

"Shemeji, pole tena. Unajua desturi. Bwana akifa, muhuri wake unavunjwa."

"Unavunjwa karakana ikifungwa. Kwani hii imefungwa? Husikii nyundo?"

Nyundo ilikuwa ya Eiler, fundi wetu, anagonga huko nyuma kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

"Haiwezi kubaki wazi bila bwana," akasema Gotfred. "Una njia mbili. Olewa na Eiler, chama kitampa ubwana, maisha yaendelee. Au funga. Tunakupa mpaka karamu ya chama, Jumatatu kabla ya Kwaresima. Siku hiyo ama tunanywa bia ya harusi, ama tunavunja muhuri."

"Eiler mmemuuliza?"

"Mwanamume gani atakataa nyumba yenye tanuri mbili?"

Wale wawili wakacheka. Mimi nikaona damu inanipanda hadi masikioni, nikamwambia Gjertrud, mpishi wangu, awaongezee bia ili nisiwamwagie.

Mlangoni Gotfred akakumbuka kilichomleta hasa. Kopo jipya la chama la kunywea bia, ambalo Villads aliacha hajalimaliza, lazima liwe tayari kwa karamu. "Na vigingi vya ndani viwe vitano, shemeji, kimoja kwa kila bwana. Si sita tena."

5 Oktoba

Mvua.

9 Oktoba

Eiler amenunua shati jipya. Leo nimemkuta amesimama uani anaitazama nyumba kutoka chini mpaka paani. Nikamuuliza anahesabu vigae au anapima vyumba. Akaona haya, akasema bomba la maji limeziba kwa majani. Ni kweli limeziba. Lakini shati je?

Mimi nina miaka arobaini na tisa, yeye thelathini. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, nami simlaumu kijana kwa kuvuta. Ila asivute kwangu.

17 Oktoba

Leo nimelitoa kopo kabatini, na nimekaa nalo magotini kama mtoto.

Mtu akitaka kujua Villads alikuwa nani, asisome jiwe la kaburi, maana mchongaji amekosea jina la baba yake. Aende kanisani atazame bakuli la ubatizo. Aingie nyumba yoyote ya barabara yetu aombe kijiko, akigeuze. Nusu ya mji huu imelishwa uji wake wa kwanza kwa vijiko vya Villads, na nusu ya hao hawajui. Watu wa mashambani huvaa vifungo vyake shingoni siku ya harusi, vile vyenye visahani vidogo vinavyolia wakitembea. Hakuwa msemaji. Alikuwa mtu wa kugonga, kutazama, kugonga tena. Nilimpigia kelele miaka ishirini na sita kuhusu viatu vyake vya matope, na leo ningeyafagia matope hayo kwa furaha.

Kopo amelifua kutokana na fedha ya kopo la zamani. Chama kizima kilisimama hapa karakanani kikaliona lile la zamani likiyeyuka, kwa sababu lilikuwa limepasuka na kuvuja. Hili jipya ni zito, mikono miwili ndiyo yake. Lina kifuniko, na juu ya bawaba ameketi simba mdogo wa kusukumwa kwa kidole gumba. Linasimama juu ya mipira mitatu midogo ya fedha. Kilichobaki ni maua ya kuchora ubavuni, ambayo siku zote nilichora mimi, kung'arisha, ambako siku zote nilifanya mimi, na vigingi vya ndani.

Alikuwa ameshavikata vigingi. Nimevikuta kwenye kikasha chake cha vifaa, vimefungwa kitambaani. Viko sita.

26 Oktoba

Mvua, na upepo wa kung'oa mabango. Nimechora majani ya upande mmoja.

3 Novemba

Bado mvua. Samaki mkavu, siagi, kimya. Eiler amekula bila kuniangalia.

11 Novemba

Siku ya Mtakatifu Martini, siku ya bata bukini. Nilikwenda sokoni na Gjertrud kutafuta bata mnono, nikamkuta mke wa Gotfred anapapasa vifua vya bata wote kana kwamba ni vyake.

"Sidsel mwenzangu!" akaita, watu wote wasikie. "Bata wa mwisho wa ujane, siyo? Mwakani utamkaangia kijana!"

"Mwakani nitamkaanga mtu," nikasema, "lakini bado sijaamua nani."

Wauza samaki wakaangua kicheko. Gjertrud akanivuta shuka la mabega tukaondoka na bata aliyekonda, maana mnono nilimwacha mezani kwa hasira.

Nilifika nyumbani bado nafuka moshi, nikaingia karakanani moja kwa moja.

"Eiler! Mimi na wewe tuseme leo. Wamekuahidi nini?"

Aliweka nyundo chini. "Kila kitu, bi mkubwa. Ubwana, nyumba, kiti mezani."

"Na wewe umejibu nini?"

"Nimejibu nina mchumba. Hilleborg, binti wa msokota kamba. Tangu kiangazi." Masikio yalikuwa mekundu kama makaa. "Shati ni yeye aliniambia ninunue. Anasema nanuka moshi."

Nikavuta kigoda nikaketi.

"Kwa hiyo umewakatalia?"

"Wiki tatu sasa. Bwana Gotfred amesema basi nitoke humu. Nimemwambia nitatoka bi mkubwa akinifukuza. Unanifukuza?"

"Nenda kanawe mikono," nikasema. "Ukamsaidie Gjertrud na bata."

Tumekula watatu meza moja. Nimempa paja. Na kuanzia leo sina habari ya shati.

20 Novemba

Nimeamua. Naandika ili kesho nisijifanye sikuamua.

Katika chama cha masonara wa mji huu mambo yote yamo ndani ya kopo. Vigingi vimepangwa wima ndani, kimoja chini ya kingine, na kopo likijazwa, wa kwanza anakunywa mpaka kigingi chake kionekane, kisha anampa wa pili, mpaka wa mwisho anayefika chini. Ukinywa pungufu, aibu. Ukishuka mpaka kwenye sehemu ya mwenzio, unapoteza kiti mwaka mzima. Na kopo likishainuliwa halitui mezani hadi likauke. Bia ya chama haimwagwi. Aliyewahi kuimwaga walimtoa nje na kopo likaoshwa kwa majivu. Mwenye kigingi ana kiti. Mwenye kiti ana muhuri kwenye bamba la shaba ukutani. Ndiyo sheria yote. Hayo mengine ni ndevu tu.

Sasa wanataka vigingi vitano, na kwa kukitoa kimoja tu wamenitoa mimi, na karakana, na Eiler, na kila kitu kilichopo chini ya paa hili. Wala hawakulazimika kunitaja jina.

Nitavitia sita.

21 Novemba

Nimemwambia Eiler. Akasema, "Mwenye kiti ndiye wewe, basi." Nikasema ndiye mimi. Akasema, "Nitashika mivukuto."

2 Desemba

Kazi ya leo ilikuwa ya roho mkononi. Kulehemu kigingi ndani ya kopo lililokwisha kuungwa mpini ni kuchezea moto: ukizidisha kidogo, mpini unaachia, simba anadondoka, na kazi ya Villads ya mwaka mzima imeharibika. Nilipaka udongo wa mfinyanzi kwenye viungo vyote vya nje ili visipate joto. Eiler alivuta mivukuto polepole, mimi nilishika koleo. Nilipima nafasi za mafungu sita yaliyo sawa, kwa maji na kikombe kidogo, nikatia alama.

Vinne vilikaa vizuri. Cha tano kiliteleza, nikakitoa, nikaanza tena. Cha sita kilipokaa, Eiler akasema, "Umeacha kupumua, bi mkubwa." Nikapumua.

Gjertrud aliingia na uji akakuta tunacheka kama wendawazimu wawili wenye masizi usoni.

8 Desemba

Theluji ya kwanza. Nang'arisha.

15 Desemba

Leo Gotfred amekuja kupima fedha, maana mkuu wa chama ndiye mpimaji wa mji. Kabla ya muhuri wa mji, hakuna kazi kubwa kuliko kijiko inayotoka karakanani. Baada ya muhuri, hakuna chombo kinachogusa kazi hiyo tena: hata kuongeza punje, hata kupunguza punje. Anayegusa ni mwizi mbele ya mfalme na mbele ya chama. Sheria hiyo Gotfred anaipenda kuliko mkewe.

Alikuja na mkoba wake, akavaa miwani, akalipindua kopo. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimesema moyoni: sitaficha. Akiuliza, nitajibu. Akitazama, atazame.

Alikwangua kitakoni mstari wa kuyumbayumba kama mwendo wa nyoka, akachukua unga ule, akaujaribu motoni. Ulitoka mweupe safi. Akaupima uzito wa kopo. Akapapasa mipira mitatu. Akautazama muhuri wa Villads, V yake na R ya baba yake ndani ya ngao ndogo, akaguna.

"Kazi nzuri," akasema. "Mtu hawezi kukataa. Kazi nzuri."

"Umetazama kila mahali, bwana Gotfred?"

"Kwani wasemaje?"

"Nauliza tu. Hutaki kutazama na ndani?"

Alicheka, miwani ikamshuka puani. "Shemeji, ndani ni mambo ya walevi. Sonara hutazama kitako. Miaka ishirini napima fedha, nikaanze leo kuchungulia matumbo ya makopo?"

Eiler aligeuka akatazama ukuta.

Gotfred akapiga muhuri wa mji: pigo moja. Akapiga muhuri wake wa upimaji: pigo la pili. Nikasikia yale mapigo mawili ndani ya mbavu.

Kwa desturi mpimaji ndiye anayeonja wa kwanza. Gjertrud akaleta mtungi. Gotfred akalisimamisha kopo, akamsukuma simba kwa kidole gumba, kifuniko kikafunguka, akainama ili bia imiminwe. Hapo ndipo alipotazama ndani. Midomo yake ilikuwa inasogea. Alihesabu akishuka, kisha akahesabu akipanda, huenda akitumaini kwamba kutoka chini vitapungua.

"Hiki nini?"

"Kigingi."

"Nilisema vitano!"

"Ulisema. Mimi sikusema."

"Cha nani hiki?"

"Cha karakana hii. Ilikuwa na kigingi kabla wewe hujawa mkuu."

"Eiler! Lete tupa. Kisugue kitoke."

Eiler hakusogea. "Muhuri wa mji umepigwa, bwana," akasema kwa adabu sana. "Mimi siwezi kuwa mwizi mbele ya mfalme."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika rangi nyingi hivyo pasipo homa. Alifunga mkoba, akausahau mfuko wa mawe ya mizani, akarudi kuuchukua, akagonga kichwa kwenye boriti. Bia ya mtungini hakuigusa. Gjertrud aliinywa yeye, kwa heshima ya marehemu, amesema.

16 Desemba

Wamekuja wote watano, mmoja wao mzee Hartvig, ambaye ni kiziwi na ndiye mkubwa wao kwa umri. Wamepiga kelele. Mmoja amesema kopo liyeyushwe upya. Gotfred amesema lazima wakubali wote. Wakamgeukia Hartvig, wakamlilia sikioni.

"Mnasema theluji?" akauliza mzee. "Ndiyo, imeanguka mapema."

Wakajaribu tena. Akasema magoti yake pia yanauma.

Wameondoka bila uamuzi. Nimewaza kwamba yule mzee amekwisha, na nimemshukuru Mungu kwa kukwisha kwake.

Noeli

Tumekwenda kanisani. Mtoto amebatizwa kwenye bakuli la Villads. Nimelia, na sikujali nani anaona.

9 Januari

Muuza mkaa amekataa kuniuzia. Amesema wamemwambia akiniuzia gunia moja, karakana zote nyingine zitanunua kwa mtu mwingine. Alinieleza huku anatazama punda wake. Nikamwambia aende na amani, na punda wake ana akili kumzidi.

Bila mkaa hakuna tanuri, na bila tanuri wanaweza kusema karakana imejifunga yenyewe. Hilo ndilo wanalotaka. Wangependa nife taratibu, kwa adabu, bila mtu kunigusa.

10 Januari

Baridi ndani. Maji yameganda kwenye ndoo ya kupozea fedha. Eiler anapiga vijiko bila moto, na mimi nachora na glovu zilizokatwa vidole.

12 Januari

Leo amekuja mzee Hartvig peke yake, anavuta kigari cha theluji chenye magunia mawili ya mkaa. Ana miaka themanini! Nilikimbia kumpokea.

"Baba Hartvig! Utakufa njiani!" nikapaza sauti sikioni mwake.

"Usinipigie kelele, mwanangu, mimi si kiziwi," akasema.

Nikaiachia kamba ya kigari.

"Sisikii ninapochagua. Ungekaa mikutanoni na Gotfred miaka yote hiyo, na wewe ungechagua." Akaketi kwenye kiti cha Villads bila kuuliza, na sikumkataza. "Villads alikuwa mwanagenzi wangu. Nilimpiga kofi moja tu maishani, kwa kijiko ambacho baadaye niligundua ni kizuri kuliko changu."

"Utanisaidia siku ya karamu?"

"Hapana," akasema. "Nitakunywa fungu langu, sishuki hata tone. Hayo mengine ni yako. Nikikusaidia watasema Hartvig ndiye alikupa kiti, na mimi nikifa kiti kitakufa na mimi."

Nilikasirika. Nimekasirika mpaka jioni. Sasa, nikiandika, naona kwamba hakuna mtu aliyeniheshimu hivyo tangu Septemba.

28 Januari

Tanuri inawaka. Jambo moja linanisumbua, na halihusu Gotfred.

Leo nimemaliza kijiko cha mtoto wa mtengeneza mapipa. Mchoro wangu, mng'aro wangu, na Eiler ndiye amekifua. Nikachukua muhuri wa Villads kukipiga, mkono ukasita. Kila kijiko tangu vuli kinasema kimetoka kwa Villads. Lakini Villads hajakigusa. Yule mtoto atakua, atakigeuza kijiko, atasoma jina la mtu aliyekufa kabla fedha yake haijapata moto. Kwa kopo ilikuwa haki, mwili wa kopo aliufua yeye. Kwa kijiko hiki siyo.

Nimekipiga, kwa sababu mwenye kijiko alikuwa anasubiri.

2 Februari

Theluji hadi dirishani. Eiler na Hilleborg wanataka kuoana baada ya Pasaka. Nimewaahidi vifungo vyenye visahani.

11 Februari

Mke wa Gotfred amenisalimu kanisani kwa sauti ya kumpa pole mgonjwa. "Wiki ijayo utapumzika, mwenzangu." Nimemwambia sijachoka.

18 Februari

Nimefua kofia yangu nyeupe. Gjertrud ameiga mwendo wa kila bwana jikoni mpaka nimecheka. Maji nimeyavulia nguo, nitayaoga.

19 Februari, karamu ya chama

Karakana iliyotengeneza kopo ndiyo inayolileta na kulijaza mara ya kwanza. Hilo hawakuweza kulizuia, na chombo kingine hawana. Kwa hiyo niliingia kwenye ukumbi wa chama kwa mlango wa mbele, nimekumbatia kopo, Eiler nyuma yangu na mtungi, na muhuri wa Villads ndani ya mfuko wa sketi. Mabwana watano mezani. Kiti cha sita kilikuwa kimeegemezwa ukutani. Katikati ya meza walikuwa wameweka fuawe ndogo na nyundo, tayari kwa muhuri.

Nikajaza kopo mpaka mdomoni. Gotfred akasimama.

"Umetimiza kazi yako, shemeji. Sasa weka muhuri hapo, kisha utuache tunywe."

"Kunyweni kwanza," nikasema. "Bia haingoji, mimi nangoja."

Akafikiri, akaona hakuna hatari: wa mwisho ni Hartvig, atakunywa hadi chini bila kuhesabu. Akainua kopo, akanywa hadi kigingi cha kwanza kikaonekana. Bwana wa pili akanywa. Wa tatu. Wa nne, mtu mnene, alifumba macho akasimama pale pale kwenye alama yake. Kopo likamfikia Hartvig. Alikunywa taratibu, ndevu ndani ya fedha, akasita, akachungulia, akavuta funda dogo la mwisho, kisha akapangusa mdomo.

"Kigingi cha tano," akasema. "Bado ipo."

Akampa Gotfred kopo.

Gotfred alilipokea, akataka kulitua mezani. Mikono ikasimama hewani. Bia ilikuwa bado ndani.

"Inywe wewe," akamwambia bwana wa pili.

"Nishuke kwenye fungu lisilo langu? Nipoteze kiti? Inywe wewe, ndiye mkuu."

"Imwageni!"

"Nani aimwage?" akauliza yule mnene. "Mimi sitaki kuoshwa kwa majivu."

Nikakichukua kile kiti ukutani, nikakileta mezani, nikaketi.

"Nani amekuruhusu?" akafoka Gotfred, kopo mikononi.

"Magoti yangu."

Akampa wa pili kopo. Wa pili akalishika, akampa wa tatu. Lilikuwa likizunguka meza. Fedha ile ni nzito hata ikiwa tupu, na wale si vijana. Mmoja aliegemeza viwiko kifuani, mwingine akaanza kutoka jasho kipara kizima. Kila aliyelipokea alinitazama, akatazama fuawe, akatazama sakafu. Hartvig lilipomfikia alisema hasikii wanachotaka, akalipitisha. Nikakaa mikono juu ya magoti. Uso niliuazima kwa mama yangu, ambaye alizaa watoto kumi bila kupiga kelele.

"Shemeji, hebu tuelewane," akasema Gotfred lilipomrudia. Mishipa ya shingo ilikuwa imesimama. "Tukupe mwaka mmoja. Karakana iwe wazi mwaka mmoja."

"Hapana."

"Miwili!"

"Sijaja kuomba siku, bwana Gotfred. Nina kigingi. Wewe mwenyewe umekipigia muhuri."

"Hakuna mwanamke aliyewahi kunywa kopo hili!"

"Kopo hili jipya," nikasema. "Hakuna mtu aliyewahi kulinywa kabla ya leo."

Yule mnene akacheka. Hakukusudia, kilimponyoka tu, lakini Gotfred alikisikia, na mikono yake ikaanza kutetemeka waziwazi, bia ikawa inagonga kuta za ndani. Tone moja lingedondoka, na tone hilo lingekuwa lake. Alilijua. Nilimwonea huruma wakati ule, naandika ukweli. Alikuwa mzee mwenye mikono iliyochoka, anashikilia kitu ambacho hakikuwa chake.

Akaninyooshea kopo.

Nililipokea. Nikanywa, hata kigingi cha sita kikawa wazi, hata nikaona sakafu ya fedha aliyoifua Villads, na alama za nyundo yake ndogo ambazo hakuna mpimaji aliyezitazama. Bia ilikuwa chungu na vuguvugu kwa mikono yao yote. Nikalipindua kopo juu ya meza mbele yao. Halikutoa hata tone. Nikalitua.

"Sasa," nikasema, "muhuri."

Nikautoa mfukoni, nikauweka juu ya fuawe. Eiler akashtuka, akasema, "Bi mkubwa, lakini umeshinda!"

"Ndiyo maana." Nikawageukia wale watano. "Mlitaka kuuvunja ili karakana ife. Karakana haifi. Lakini Villads amekufa, na sitamfanyisha kazi kaburini. Alichokifua mnakinywea. Kinachotoka kwangu kuanzia kesho kitatoka kwa jina langu, na kikiwa kibaya mtanisuta mimi."

Gotfred akachukua nyundo kwa desturi ya mkuu. Nikaichukua mkononi mwake.

"Huyu alikuwa mume wangu," nikasema.

Nikapiga mara mbili. V ilipasuka kwanza. Wote wakavua kofia, hata Gotfred, na kwa hilo nimemsamehe mkaa, si mengine.

Njiani nililia barabara nzima, na Eiler alibeba mtungi mtupu nyuma yangu hadi mlangoni. Ni mtu mwema.

20 Februari

Kichwa kinauma. Fungu la sita ni kubwa kuliko nilivyopima.

Nimechonga muhuri asubuhi nzima kwenye kipande cha chuma kizuri. Nilipoujaribu kwenye kipande laini cha madini ya risasi, herufi imetoka kinyume, kama kazi ya mwanagenzi wa wiki ya kwanza, nilisahau kuigeuza. Nimekitupa chuma kile, nimechonga kingine. Huu umetoka sawa: S ndani ya ngao. Kesho utapigwa kwenye bamba la shaba.

Gjertrud ameutazama dirishani, ameugeuza huku na huku.

"Herufi moja tu, bibi? Mabwana wote wana mbili. Watu watajuaje ni wewe?"

"Kwani mji huu una Sidsel wangapi wanaofua fedha?"